Makala za kujaza tovuti nazitoa wapi?

*Kila toleo tunajibu maswali ya wasomaji wanaohangaika na mambo ya mtandao. Safari hii wengi mmeuliza kuhusu makala.*

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi ni fundi cherehani, nimefungua tovuti ya kuelekeza watu matengenezo madogo madogo ila ina makala nne tu na moja ni ya kujitambulisha. Rafiki ananiambia nichukue makala za watu nibadilishe maneno, mwingine anasema ninunue zile paketi za makala mia zinazouzwa bei ya kutupa, mwingine tena anasema siku hizi akili bandia inaandika yenyewe wewe unaposti tu. Nimsikilize nani?
*Fundi Sindano*

JIBU: Salama fundi. Kwa kweli hao marafiki zako wote wanakupenda ila hakuna aliyekushauri vizuri.

Tuanze na kukopi. Google ikikuta kurasa mbili zinazofanana huwa inachagua moja ya kuwaonyesha watu, na ni nadra sana ikachagua ya kwako wewe uliyekuja juzi. Paketi ndo hivyo hivyo, makala uliyonunua wewe wameshainunua na wengine kibao na wote wameiposti. Mchezo wa kujaza kurasa kwa makala nyepesi nyepesi ulishapigwa zamani, Februari 2011 Google walibadilisha mfumo wao kwa kile kilichokuja kuitwa Panda na wenyewe walisema kimegusa asilimia 11.8 ya utafutaji huko Marekani, tovuti zilizokuwa zinafyatua makala kwa maelfu zikapotea kwenye ukurasa wa kwanza. Halafu Machi 2024 wakaongeza sheria dhidi ya kuzalisha makala kwa wingi ili tu kupanda kwenye matokeo, na hawajali kama kaandika mtu au mashine au wamesaidiana.

Kwa hiyo akili bandia siyo haramu, ishu ni unaitumiaje. Ikikusaidia kupanga mawazo yako au kusahihisha herufi, poa. Ukiiambia tu "niandikie makala kumi za cherehani" itakuletea maneno mazuri ambayo yako kila mahali, na saa nyingine itakosea kwa kujiamini kabisa maana haijawahi kushika bobini hata siku moja.

Sasa makala unatoa wapi? Fundi, unazo tayari kwenye simu. Fungua WhatsApp, pitia chati za wateja, kila swali uliloulizwa zaidi ya mara moja ni makala. "Mbona uzi unakatika katika?" Hiyo ni makala nzima: uzi umepitishwa vibaya, mkazo umezidi, sindano butu au imepinda, uzi wenyewe hafifu, unaeleza mtu aanze kuangalia wapi na kwa nini. "Mbona inaruka mishono?" nyingine hiyo, hapo utaeleza kitambaa cha kuvutika kinataka sindano ya ncha ya duara na jinzi inataka sindano nene, namba 16 hivi, siyo ile ile uliyoshonea shati. Wewe unaona ni vitu vidogo kila mtu anajua, lakini aliyekwama na nguo ya mtu mezani hajui, na ndiye anayetafuta.

Kama kuandika kunakuchosha (mafundi wengi wako hivyo, wanaongea vizuri kalamu ndo inagoma) jirekodi sauti kana kwamba unamwelekeza mteja, kisha sikiliza uandike ulichosema, ondoa marudio, basi. Piga picha mikono yako ikifanya kazi, hata za simu zinatosha mradi kuna mwanga.

Ukiishiwa maswali, anza kuandika "cherehani" kwenye Google usimalizie, angalia inakupendekezea nini hapo chini, yale ni mambo ambayo watu wanayatafuta. Na unganisha tovuti yako na Search Console, chombo cha Google cha wenye tovuti, ni bure, inakuonyesha maneno ambayo watu waliandika mpaka ukurasa wako ukatokea, kumbukumbu zake zinarudi nyuma hadi miezi 16. Mara nyingi utakuta watu wanakuja kwa swali ambalo wewe uligusia kwa sentensi moja tu, basi liandikie makala yake.

SWALI: Nikichukua makala ya Kiingereza nikaitafsiri mwenyewe kwa jasho langu, si inakuwa yangu? Na picha za Google je?
*Mama Mapishi*

JIBU: Hapana mama, pole. Chini ya mkataba wa Berne, ule wa hakimiliki wa mwaka 1886 ambao nchi nyingi zimeusaini, ruhusa ya kutafsiri ni ya mwenye kazi, kwa hiyo lazima umwombe. Ila hakimiliki inalinda namna mtu alivyoeleza, hailindi wazo wala ukweli wenyewe, ina maana unaweza ukasoma makala tatu nne, ukaenda jikoni ukajaribu, ukaandika kwa maneno yako yaliyokukuta.

Kuna kazi ambazo wenyewe wamesharuhusu kwa leseni za Creative Commons. Soma herufi zake: BY lazima umtaje mwandishi, NC usifanyie biashara, SA ukibadilisha unatoa kwa leseni ile ile, na ND usibadilishe, na kutafsiri kunahesabiwa ni kubadilisha. Maandishi ya Wikipedia ni BY-SA, unaruhusiwa kutafsiri ukitaja chanzo na ukiiacha tafsiri yako nayo iwe huru hivyo hivyo. Kuhusu picha, Google haina picha, inakuonyesha za watu. Kwenye utafutaji wa picha kuna kichujio cha leseni, kitumie, halafu bado ingia kwenye ukurasa wenyewe uhakikishe.

SWALI: Makala iwe na maneno mangapi, na niposti kila siku?
*Mvivu wa kuandika*

JIBU: Google wameshasema hawana idadi ya maneno wanayoipendelea. Swali likiisha kwa maneno 300 acha hapo hapo, likitaka 2,000 yape. Kila siku ya nini? Moja kwa wiki inatosha sana kwa mtu mwenye kazi nyingine, na wiki usiyo na jipya rudi kwenye makala ya zamani inayosomwa sana, rekebisha palipopitwa na wakati, jibu humo humo yale watu waliyouliza kwenye komenti. Ila usibadilishe tarehe tu ionekane mpya wakati hujagusa kitu, hiyo wasomaji wanaijua.