Jibu: Mfumo wa kumbukumbu kwa makao yenye wazee 38

Umeuliza uanzeje kuweka mfumo wa kumbukumbu kwenye makao yenu ya wazee. Nimekuelewa: daftari la zamu linapotea, faili la Excel lina matoleo matatu, na dozi zinatolewa mara mbili. Usianze na programu. Anza na dawa, ndipo mtu anapoumia.

Kila dozi iwe mstari wake: namba ya mzee (si jina, akina Bi Mwajuma huwa wawili), dawa, kipimo, saa iliyopangwa, saa iliyotolewa, aliyetoa, na sababu kama haikutolewa. Kosa lisifutwe, liongezwe mstari wa marekebisho wenye jina la aliyerekebisha.

Saa ndiyo mtego mkubwa. Muuguzi akiandika "2:00" akimaanisha saa mbili asubuhi, mfumo unasoma saa nane usiku. Weka vitufe vya "asubuhi saa 2" na "usiku saa 2", kompyuta ihifadhi 08:00 na 20:00 yenyewe.

Halafu ongeza uzito wa kila mwezi. Aliyekuwa na kilo 60 akishuka hadi 57 ndani ya mwezi, mfumo utoe tahadhari: hiyo ni asilimia 5, aonwe na daktari. Ugeuzaji wa wazee wasioweza kujigeuza kitandani nao uandikwe kila unapofanyika, siyo mwisho wa zamu kwa kukumbuka.

Umeme ukikatika? Simu ihifadhi data ndani na kuituma baadaye. Fomu za karatasi zibaki kabatini.

Kila mtu awe na nywila yake. Ile moja iliyobandikwa ukutani ing'oeni leo. Kama mko Tanzania, taarifa za afya zinaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa hiyo muoneni mwanasheria kabla ya kuzihifadhi kwenye seva ya nje ya nchi.