Jibu: Namna ya kumpata mkandarasi wa kupunguza radoni nyumbani

Ndugu, umeuliza utamtambuaje mkandarasi anayefaa kupunguza radoni, yaani gesi yenye mionzi isiyoonekana, ilhali wawili uliozungumza nao wametofautiana na mmoja anasema kuziba nyufa za sakafu kunatosha. Huyo ningemwacha. Kuziba nyufa husaidia, lakini peke yake hakutegemewi, kwa kuwa gesi hii hutoka ardhini na hupenya hata kwenye matundu usiyoyaona.

Anayeijua kazi ataikagua nyumba kabla ya kutaja bei, kisha atakueleza jinsi bomba litakavyopitishwa kwenye sakafu na feni itakavyofyonza hewa ya chini yake, ili shinikizo la huko liwe dogo kuliko la ndani na gesi itolewe juu ya paa. Muulize feni itakaa wapi. Akisema ndani ya chumba mnachokaa, mkatae, kwa sababu bomba likivuja baada ya feni litaisukuma radoni humo humo. Cheti cha mafunzo ya kazi hii hasa, si ya ujenzi kwa jumla, ni lazima ukione.

Mkataba utaje kiwango anachoahidi kufikia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza bekereli 100 (bekereli ni kipimo cha mionzi) kwa mita ya ujazo ya hewa, na pasipowezekana, kisizidi 300. Kipimo cha baada ya kazi kifanywe na mtu mwingine, angalau saa 24 baada ya feni kuwashwa, madirisha yakiwa yamefungwa.