Badogo munaoingia L1 (mwaka wa kwanza wa chuo kikuu), ku chuo hakuna mutu atakukumbusha kusoma

Badogo bangu, matokeo ya Exetat (mutihani wa serikali wa kumaliza sekonderi) ikitoka, mu Katuba, komini ya Lubumbashi, poda inamwagika ku vichwa paka ku barabara, bamama banapiga vigelegele, na ni haki yenu kabisa, mumeteseka. Lakini ile poda ikisha kunawa, bengi kati yenu hamuna mutu wa kuwaambia kile kinawangojea mbele, njo maana naandika.

Mi niliingia ku Kasapa, kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, mu 2016, wakati ule tulikuwa tunaita G1, tangu mwaka wa masomo 2021-2022 na mambo ya LMD (Licence-Master-Doctorat) njo inaitwa L1. Ku sekonderi tulikuwa na prefe (mukubwa wa masomo), tulikuwa na direkta wa disiplini, ukichelewa unapiga magoti, ukikosa siku mbili banaita baba. Ku chuo unaweza kukosa mwezi muzima, hakuna atauliza uko wapi. Mi nikafikiri huo ni uhuru, nilikuwa nafika saa ine, nakaa nyuma kabisa ya oditwari, profesa anasema Kifaransa mbio, hasomi pole pole ili uandike kama vile balimu betu balikuwa banafanya, mi niko naandika kila neno nzima nzima, akifika ku sentensi ya tatu mi ningali ku ya kwanza. Interogasio ya kwanza nilipata 4 ku 20. Na ku kalasi yetu ya zamani nilikuwa wa kwanza! Nililia mu basi paka mujini.

Kile kiliniokoa ni yaya (mukubwa) mumoja wa avenyu yetu, alikuwa G3 (mwaka wa tatu). Aliomba kayee (daftari) yangu, akaangalia, akaniambia wewe unakopia, hausikilize. Akanionyesha namna ya kukata maneno, kuacha nafasi ku upande wa kushoto, halafu jioni ileile, hata na mushumaa kama umeme haiko, naandika tena somo lote kwa maneno yangu. Usingoje juma pili, juma pili umesha sahau. Kisha akaniambia nitafute benzangu batatu. Tulikuwa tunakutana juma mosi chini ya muembe, kila mutu anaeleza somo moja kwa Kiswahili, kabisa kabisa kama vile unaelezea bibi yako, kama unakwama ni kusema haujaelewa. Halafu tunarudilia kwa Kifaransa, juu mutihani haikungojee na Kiswahili. Hiyo kazi ya kupita mu luga mbili njo ilinipandisha, si akili ya ajabu.

Mambo ya krediti (hesabu ya uzito wa kila somo), ikamate mapema. Mwaka ni krediti 60, semestri moja 30, na masomo haina uzito sawa. Angalia kile kiko na krediti mingi, silabusi yake nunua ya kwanza, zingine mutachanga na benzako mukopie. Krediti ukisha ipata haipotee, lakini usitegemee hiyo ili kuacha somo, deni ya L1 inakufuata mu L2 wakati masomo mengine inakungojea.

Bordereau ya banki (karatasi ya kuonyesha umelipa): piga picha, fanya fotokopi mbili, ya kweli inabaki nyumbani mu plastiki. Habari ya WhatsApp ya promosio (benzako ba mwaka moja) ni muzuri, lakini enda usome ku valve (ubao wa matangazo) wewe mwenyewe, tarehe inabadilika.

Badada bangu, hii nasema na moyo: kama mutu, hata awe nani, anakuambia pointi zako iko kwa njia ingine, usiende peke yako ku ofisi yake. Enda na mwenzako, na ambia mutu mukubwa unayemuamini siku ileile.

Na bazazi, tafazali. Mutoto wa kike akitoka ku chuo mangaribi anakuta masahani, maji, bukari ya kupika, badogo ba kuogesha, anafungua kayee saa ine ya usiku akiwa amekufa na usingizi. Mumulipia masomo, mumupe na masaa mawili ya jioni, kaka yake anaweza kuosha masahani.

Kama unatoka Katuba ao komini ya Kenya, enda siku moja mbele masomo haijaanza, panda basi paka mujini, badilisha ya Kasapa, angalia umetumia wakati gani. Halafu ongeza nusu saa, juu mvua ya mwezi wa kumi na moja inakuja.