Kutoka Kopo la Rangi hadi Sura ya Mama wa Feri

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama msanii anayeacha michoro ya ukutani na kuhamia kwenye picha za sura za watu, zile zinazotundikwa kwenye kumbi za maonyesho, amepanda daraja au amewakimbia watu wake. Nimechora kuta za Kinondoni na Temeke kwa rangi ya kopo, ile ya kupuliza, kabla sijashika brashi, na kwangu mimi kilichobadilika si daraja, bali muda ninaokaa na sura moja.

Ukutani nilichora watu mashuhuri, nikiwatoa kwenye picha za simu, kwa kuwa abiria wa daladala ana sekunde chache tu za kumtambua mtu. Rangi ya kopo hukauka upesi na haichanganywi kwanza pembeni, hivyo weusi wa ngozi huupata kwa kupuliza kahawia nyepesi juu ya zambarau, tabaka juu ya tabaka. Rangi ya mafuta inasubiri. Hukaa mbichi kwa siku kadhaa, na katika kusubiri huko niligundua kwamba kivuli cha chini ya shavu hakihitaji rangi nyeusi hata kidogo; kahawia iliyokolea ikichanganywa na bluu inatosha, tena ngozi inaonekana hai.

Vijana wenzangu hupenda kumtaja Jean-Michel Basquiat, aliyeanzia kwenye kuta za New York na ambaye mchoro wake wa mwaka 1982 uliuzwa kwa dola milioni 110.5 mwaka 2017. Husahau kwamba alikuwa amefariki tangu 1988. Mimi humfikiria zaidi Edward Saidi Tingatinga, ambaye hapa hapa Dar es Salaam alichora kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya ubao wa dari, na bado jina lake likawa jina la mtindo mzima.

Lawama moja tu naikubali. Mama mmoja anayeuza samaki katika soko la Feri alinikalia jioni sita nimchore, na siku ya maonyesho akaja amevaa kanga mpya, akasimama nje karibu na mlinzi.

“Mwanangu, kiingilio shilingi ngapi?”

Nilimwambia ni bure. Akaniuliza, kama ni bure, geti ni la nini.