Muulize Anko Dereva: Choo kimeganda na safari ndo kwanza imeanza

Wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi. Tangu nigusie mwezi uliopita kwamba nililala wiki nzima kwenye gari-nyumba huko milimani Colorado, hii RV wanayoita huku Marekani, simu yangu haipumui. Kila mtu anataka kupeleka watoto kwenye theluji Desemba hii. Nimechagua barua nne, zilizobaki zinafanana tu, ukiona jibu linakuhusu lichukue.

*Shikamoo anko. Tuko Aurora hapa Colorado, mimi na wife na watoto watatu, mdogo ana miaka 4. Hoteli za Breckenridge, ule mji wa skii milimani, wiki ya Krismasi bei zake hazishikiki, sasa jamaa wa kazini kaniambia kodi RV, mtalala humo humo na kupika humo humo. Kweli inaokoa hela? Na maji ya kuoga inakuwaje kwa baridi ile? — Baba Watatu, Aurora*

Marahaba Baba Watatu. Hela unaweza kuokoa, lakini kabla hujalipa hata senti muulize mwenye gari swali moja tu: maji yanafanya kazi au hayafanyi? Maana RV nyingi za kukodi ikifika majira ya baridi wanazikausha, wanamwaga maji yote kwenye mabomba na kupitisha ile dawa ya pinki isiyoganda, na kwenye mkataba wanaandika usitie maji mpaka baridi iishe. Kwa hiyo unalipia nyumba yenye sinki, shawa na choo, halafu bomba hata moja halitoi kitu. Watu wengi wanagundua hili wakiwa wamefika, watoto wana njaa na giza limeingia.

Sio mwisho wa dunia lakini. Unabeba maji kwenye madumu, unayaweka ndani palipo na joto, choo unakipiga flashi kwa hiyo hiyo dawa ya pinki (ya RV jamani, sio ile ya rejeta ya gari, ile ni sumu), na kuoga mnaenda Breckenridge Recreation Center, mnalipa kiingilio cha siku, watoto wanacheza kwenye swimingi ya ndani na mnatoka mmetakata. Mimi naona hata ni bora kuliko kuhangaika na shawa ya RV ambayo maji ya moto yanaisha ukiwa na povu kichwani.

Ukipata yenye maji, hapo ndo kazi inaanza. Mpira wa kuleta maji kutoka nje usiuache umechomekwa usiku kucha, jaza tenki lako, chomoa, mwaga yaliyobaki kwenye mpira, uingize ndani. Fungua milango ya makabati chini ya sinki ili joto lifike kwenye mabomba. Halafu mpira wa maji machafu, hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu nimeyalipia haya mimi mwenyewe. Mara yangu ya kwanza karibu na Leadville nilifika, nikaunganisha lile bomba la kutolea uchafu, nikaacha valvu wazi kama nilivyozoea kiangazi, nikalala zangu. Usiku ikashuka mpaka nyuzi 20 chini ya sifuri. Maji yaliyokuwa yanachuruzika taratibu yakaganda ndani ya bomba, asubuhi nina kitu kama mnazi uliolala pale nje, mgumu kama chuma, na choo kimekataa. Siku nzima nilikuwa nachota maji ya moto kwenye sufuria na kumwagia valvu huku jirani, mzee mmoja wa Texas, amekaa kwenye kiti chake anakunywa kahawa ananiangalia kama anaangalia mpira. Funga valvu, acha tenki lijae, ndo umwage kwa mkupuo mmoja, halafu bomba lirudi kwenye boksi lake. Basi.

Gesi sasa. Hita ya RV ya kawaida ina nguvu ya BTU 30,000 hivi kwa saa (BTU ni kipimo cha joto). Mtungi wa pauni 20, yaani kama kilo 9, una gesi ya kuwasha hita hiyo saa 14 mfululizo. Haiwaki mfululizo, inawaka na kuzima, lakini kwenye baridi la huko inaweza kuwaka nusu ya muda, maana yake mtungi unamaliza siku moja na robo hivi. Fanya hesabu ya siku zako kabla ya kusema umeokoa hela. Ukipata kambi yenye umeme, chukua hita ndogo ya umeme isaidie, lakini ile ya gesi usiizime kabisa, kwa sababu kwenye magari mengi hewa yake ya moto ndo inapita pia chini kwenye matenki, ukiizima wewe unaota joto juu na huko chini kunaganda.

Barabara: unapita I-70, ile barabara kuu ya kupanda milimani, na kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 31 Mei kipande cha Morrison mpaka Dotsero kina sheria ya tairi. Gari la kusukumwa na tairi za nyuma tu, na RV nyingi ndo hizo, lazima liwe na tairi za theluji au zenye alama ya M+S (matope na theluji) na kina cha angalau milimita 5 hivi, la sivyo ubebe cheni. Cheni ni zile zile tunazofunga kwenye Land Rover masika matope yakizidi, tofauti ni kwamba huku unazifunga vidole vimekufa ganzi, kwa hiyo jifunze kuzifunga ukiwa nyumbani Aurora kwenye zege kavu. Uliza pia mwenye gari kama anaruhusu, wengine hawataki. Ukitoka kwenye handaki la Eisenhower, lipo futi 11,158, mteremko wa kwenda Silverthorne ni asilimia 7, na hapo ndo unajua breki zako zikoje. Weka gia ndogo ukiwa bado juu. Usisubiri kusikia harufu.

Mkifika paki, na ukishapaki usiondoke na hiyo nyumba tena. Kaunti nzima ya Summit ina mabasi ya bure, Summit Stage, na Breckenridge wenyewe wana yao ya bure, yanakushusha mlimani. Kuzungusha RV mjini wiki ya Krismasi ni kujitafutia presha bure.

Na kwa mtoto wa miaka 4 na wazazi ambao nadhani hamjawahi kuvaa skii, msianze na tiketi ya lifti ya Breckenridge, yaani vile viti vya kupandisha watu mlimani, ukinunua siku hiyo hiyo dirishani msimu wa sikukuu inazidi dola 200 kwa mtu mzima na mtaishia kuanguka tu chini pale. Nendeni Frisco Adventure Park mkateleze na tyubu, yaani mnakalia mpira mnashuka mnapiga makelele. Siku ya pili ndo mtafute mwalimu wa skii. Na siku ya kwanza kunyweni maji sana, mpo mita 2,900 na ushee kutoka usawa wa bahari, mtu anayepanda Kilimanjaro akifika hapo ameshaipita kambi ya Mandara. Lifti ya juu kabisa ya Breckenridge inakushusha mita 3,900, hiyo ni juu kuliko kambi ya Horombo, na watu wanafika kwa kukaa kwenye kiti! Kichwa kikiuma na mtoto akitapika teremkeni, msibishane na mlima.

*Kaka yangu, mimi mtu wa Bukavu, niko Salt Lake City. Tulinunua karavani moja ya zamani, tunapikaka mule bugali na sombe, batu sita. Asubuhi kuta zote zinatoka maji, blanketi imelowana, dirisha barafu ndani. Muke wangu anasema tuingize mbabula na makala kidogo usiku kukauke. Ni muzuri? — Papa wa Bukavu*

Hapana. Hapana papa, mwambie mama nimesema hapana kwa heshima zote. Wewe unajua na mimi najua, kila mwaka kwetu tunazika watu waliolala na jiko la mkaa ndani, hewa ile haina harufu wala haikuamshi. Nyumba ya matofali ina nyufa, karavani ni kopo. Wala usilale na jiko la gesi limewashwa kupasha chumba, wala jenereta karibu na dirisha. Nunua alamu ya kaboni monoksaidi, ndo hiyo hewa ya sumu, ujaribu kitufe chake, na kama ya zamani ipo humo angalia tarehe nyuma maana nazo zina umri. Theluji ikianguka usiku, asubuhi kabla ya chai zunguka nje ukafukue lile tundu la moshi wa hita, likizibwa moshi unatafuta njia nyingine na njia nyingine ni nyie.

Maji ya ukutani sasa. Hayo hayatoki nje, ni yenu. Watu sita wanapumua usiku kucha, halafu sombe, yaani kisamvu, inachemka masaa mawili, mvuke wote ule uende wapi? Unaenda kwenye ukuta baridi unageuka maji. Dawa yake utaona kama kichaa: fungua tundu la paa kidogo, kidole kimoja au viwili, hata kukiwa na baridi kali, hita iendelee kuwaka. Sombe ichemsheni nyumbani mkiwa Salt Lake, mkaigandishe, kule iwe ya kupasha tu, bugali haina shida ni ya dakika chache. Godoro liinueni kila asubuhi, chini yake ndo unyevu unajificha na ukungu unaanza. Nguo zilizolowa theluji zisilale ndani zimetundikwa mstari mzima kama duka la mitumba, tafuta kambi yenye chumba cha mashine ya kukaushia.

Na huko kwenu usipandishe karavani Little Cottonwood, ile barabara ya 210 ya kwenda viwanja vya skii vya Alta na Snowbird. Inafungwa mara kwa mara kwa sababu ya maporomoko ya theluji, kwa miaka mingi walikuwa wanapiga mizinga ya kijeshi kabisa kuyaangusha kabla hayajawaangukia watu. Acheni chini mjini, pandeni basi la skii la UTA, shirika la usafiri la huko.

*Anko RV inataka leseni maalum? Na ile jiko ndogo ya kopo la gesi naweza beba? — Mkenya, Columbus*

Leseni ya kawaida inatosha karibu majimbo yote mradi gari lisizidi pauni 26,000, na za kukodi hazizidi hapo. Kopo liache, nyingi ni byuteni, na byuteni ikifika nyuzi sifuri inagoma kugeuka gesi, unabaki unatikisa kopo. Propeni inaendelea mpaka nyuzi 42 chini ya sifuri. Na kama lako ni la dizeli jaza tanki ukifika milimani, kule wanauza dizeli ya majira ya baridi, ile uliyojaza sehemu za joto inaweza kuganda kama mafuta ya ng'ombe.

*Mwanangu, mimi ni mama wa Mombasa, nina miaka 66. Kijana wangu yuko Utah anataka kunichukua siku nne kwenye gari ya kulala, eti nikaone watu wakiteleza. Mimi baridi ya Limuru tu hunitesa. Niende kweli, ama atanirudisha kwa sanduku? — Mama Mkubwa*

Shikamoo mama. Nenda. Ila mwambie yeye na vijana walale kitanda cha juu ya dereva, kule kuna baridi ya pembeni, wewe ulale karibu na hita. Usivae pamba ngozini, pamba ikilowa jasho haikauki, vaa zile nguo za ndani za sufi au polista, halafu sweta, halafu koti la kuzuia upepo. Leso zako njoo nazo, nyingi, moja shingoni chini ya koti hakuna skafu inayoishinda. Soksi jozi moja nene inatosha, ukivaa tatu kiatu kinabana na mguu ndo unaganda. Dawa zako, hasa kama ni za maji au insulini, zisikae kwenye kabati la ukutani, zikiganda zinaharibika. Na kama ni mtu wa presha, ongea na daktari kuhusu urefu wa milima kabla ya kukata tiketi.

Halafu mwambie kijana asikupeleke sehemu ya makelele, akupeleke Soldier Hollow, karibu na Midway, saa moja hivi kutoka Salt Lake. Ni chini kidogo, kifua hakitabana sana. Pale ndo walipofanyia mbio za skii za Olimpiki ya 2002, na Mkenya wenu Philip Boit alikimbia pale. Kijana wa upande wa Eldoret, hajaiona theluji mpaka ukubwani, akaenda kujifunza Finland. Mara ya kwanza, Olimpiki ya Nagano, Japani, 1998, alimaliza wa mwisho kilomita 10, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, akakataa kuondoka, akasimama pale mstarini dakika 20 kumsubiri amkumbatie. Boit akaja kumpa mwanawe jina hilo la Dæhlie. Olimpiki inarudi Utah 2034, kwa hiyo ukipaona sasa utakuwa unaitazama kwenye tivi unasema hapo nilisimama.

Wana na kilima cha tyubu pale, kuna mashine inakuvuta juu, hupandi kwa miguu. Ukiona wajukuu wanashuka na wewe roho inataka, shika leso vizuri usiiachie ikaingia chini ya mpira, na ushuke.