Nta Ipi kwa Mshumaa Upi?

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi na wenzangu wa kikundi cha kina mama tumeanza kutengeneza mishumaa ya kuuza. Ile mirefu, tuliyoichanganya nta ya soya na mafuta ya nazi, imepinda na kutoa mafuta hata kabla ya kuwashwa. Tutumie nta gani?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykumu salaam, dada yetu. Kabla ya kununua nta, amueni kwanza iwapo mshumaa utasimama wenyewe au utakaa ndani ya chombo. Mafuta ya nazi huyeyuka yanapofika nyuzi 25 hivi za Selsiasi, joto ambalo Pemba hulipata hata usiku wa Kaskazi, na nta ya soya inayouzwa kwa mishumaa ya glasi nayo ni laini. Mchanganyiko huo hauwezi kusimama. Hiyo iliyopinda iyeyusheni, muimimine kwenye glasi, nayo itawaka vizuri.

Kwa mishumaa mirefu, nta ngumu ya parafini, ile itokanayo na mafuta ya petroli, inayoyeyuka karibu na nyuzi 60 ndiyo nafuu, na mkiiongezea stiarini (kitu kigumu kama nta kitokanacho na mafuta ya mimea au ya wanyama) kiasi cha sehemu moja kwa kumi itakuwa ngumu zaidi na kutoka kwenye kalibu bila taabu. Hata hivyo, mimi naipenda zaidi nta ya nyuki, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, huwaka polepole na ina harufu yake nzuri. Kwa kuwa hung'ang'ania kalibu, ni bora kuichovya: utambi wa pamba huzamishwa katika nta iliyoyeyuka, ukatolewa na kunyooshwa, ukaachwa hadi nta ipoteze mng'ao, kisha ukazamishwa tena, na unene huongezeka tabaka kwa tabaka. Nta hii ikiyeyuka ni nzito kupanda kwenye utambi, kwa hiyo utambi wake uwe mnene kuliko ule wa parafini.

Mishumaa ya glasi yenye manukato iachieni soya. Mafuta ya karafuu au ya mlangilangi yasizidi gramu 6 kwa kila gramu 100 za nta, nayo yatiwe baada ya sufuria kuepuliwa, kwani yakizidi nta hushindwa kuyashika.

Nta yoyote iyeyushwe katika sufuria iliyowekwa ndani ya sufuria ya maji, wala isiachwe jikoni peke yake. Ikishika moto, zimeni jiko na muifunike kwa kifuniko. Msiimwagie maji kamwe, kwa sababu maji huirusha nta inayowaka.