Wahusika 23 ni wengi? Ndiyo, wapunguze

Umeuliza kama wahusika 23 ni wengi kwa riwaya yako ya maneno 60,000. Kwa urefu huo, wanaobeba hadithi wasizidi 5 au 6. Waliobaki ni wapita njia, nao hawahitaji majina: "kondakta" au "muuza maandazi" inatosha. Ukimpa mtu jina, msomaji anangoja arudi. Mfute mmoja mmoja kwa majaribio. Hadithi ikisimama bila yeye, kazi yake mpe mwingine.

Kiswahili kina mtego wake: "alimwambia" haisemi kama ni mume au mke, kwa hiyo jina ndilo linalobeba mzigo. Hamisi, Hamadi na Hamida wakikaa sebule moja, msomaji amepotea. Tofautisha herufi ya kwanza na urefu: Juma, Mwanaisha, Rukia. Familia ya Kijaluo ni ngumu zaidi, maana Otieno, Ochieng na Odhiambo wote wanaanza na O. Mmoja mwite kwa jina la ubatizo.

Na mhusika wako Bi Rukia asigeuke "Mama Zuhura" sura ya 4 bila mtu kumwita hivyo kwanza mbele ya msomaji. Hapo ndipo 23 wanaonekana 30.